Shamba la Chini na Mkopo wa Unesi

Nilipoitwa chuo kikuu kusomea digrii ya uuguzi, mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna posa. Baba alichukua panga akaenda kwenye miti yetu ya miraa, na aliporudi alikuwa ameshakata shauri.

"Nitauza shamba la chini," alisema.

Kwetu ni karibu na Laare. Miraa iko juu, kuzunguka nyumba, na chini bondeni kuna kipande ambapo mama hupanda maharagwe na viazi. Kipande hicho ndicho kilichotulisha bei ya miraa ilipoanguka na wanunuzi wakawa wanapita na pikipiki zao bila hata kusimama kutusalimu. Nikamwambia baba kwamba kuna mkopo wa serikali, na kwamba wanafunzi wengi husoma kwa mkopo huo. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

Alikuwa na sababu. Nikiwa bado shule ya msingi, alikopa pesa kwa tajiri mmoja wa sokoni ili anunue dawa ya kunyunyizia miraa na kulipa vibarua. Mvua ikakosekana, naye akashindwa kulipa. Asubuhi moja lori likaja, likabeba ng'ombe wetu wa maziwa pamoja na ndama wake, sisi watoto tukiwa tumesimama mlangoni na vikombe vya chai ya rangi. Tangu siku hiyo baba hakukopa hata chumvi dukani.

"Deni litakufuata mpaka kwa mumeo," aliniambia. "Watakuja wabebe vyombo vyako."

Mimi mwenyewe sikuwa na uhakika. Kulikuwa na njia nyingine, kusoma diploma katika chuo cha uuguzi, ambayo huisha mapema na karo yake ni nafuu. Basi nikafunga safari hadi kwa binti wa shangazi yangu, muuguzi katika zahanati moja huko Embu, upande wa chini kwenye joto na vumbi. Yeye alisoma diploma. Nilimkuta akiwapima watoto uzito, akina mama wamejaa kwenye mabenchi, na ikabidi ningoje mpaka wa mwisho aondoke.

"Mimi sina deni la mtu," alisema tulipokaa. "Nilianza kupokea mshahara wenzangu wa digrii wakiwa bado darasani. Hilo nalishukuru."

"Basi nifuate njia yako, dada?"

"Ngoja kwanza. Kila nafasi ya kupanda cheo ikitokea, wanauliza digrii. Saa hii natafuta karo ya kurudi kusoma, na nina watoto wawili wa kulisha." Alivua viatu akanyoosha miguu. "Ukikopa, kopa ukijua kwamba utamaliza na utakaa bila kazi kwa muda. Usidhani kuna mtu amesimama getini na mshahara wako mkononi."

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniambia hivyo. Walimu walisema manesi hawakosi kazi. Majirani walisema nitaenda ng'ambo nijenge ghorofa. Nikiwa njiani kurudi nilijiuliza swali moja tu: je, naweza kuvumilia huo muda wa kukaa bure? Nikaona naweza, mradi mama awe na pa kupanda maharagwe.

Nilichukua mkopo. Baba alikubali shingo upande. "Sawa," alisema, "lakini hilo shamba likae tayari kuuzwa."

Miaka ya chuo nilikaa Nchiru, karibu na chuo, tukigawana chumba cha kupanga na msichana mwenzangu kutoka Maua. Mkopo ulilipa sehemu kubwa ya karo, na iliyobaki ilitoka kwa magunia ya mama ya maharagwe na viazi. Nilihitimu. Halafu yakawa kama nilivyoambiwa. Nafasi za mwaka wa mazoezi hospitalini, ambao lazima ufanywe kabla ya kuajiriwa, zilichelewa, zikachelewa tena, nikarudi nyumbani kufunga miraa kwa kamba za migomba pamoja na akina mama wengine. Walinitania, "Daktari wetu, hebu tupime presha na hizo kamba." Nilicheka nao, ila simu ikilia kwa ujumbe nilishtuka, kwa sababu wenye mkopo walikuwa wameanza kunikumbusha.

"Ni wao?" baba aliuliza kila mara.

Asubuhi moja niliposhuka bondeni nilimkuta na mwanamume nisiyemjua, wanapima shamba kwa kamba ili liuzwe kulipa deni langu. Mama alikuwepo pia, ameinama, anapalilia. Mgeni alimwomba asogee kidogo kamba ipite. Mama aliendelea kupalilia.

"Mama, tunapima," baba alisema.

"Pimeni," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Lakini siku ya kwenda bodi ya ardhi wataniuliza kama nimekubali, na mimi nitasema sijakubali. Mtoto amesoma. Kazi itakuja, na maharagwe yangu bado hayajakomaa."

Mgeni alimtazama baba, baba akatazama miti ya ng'ambo ya mto. Kisha mgeni akakunja kamba yake taratibu, akaaga kwa heshima, akapanda mlima.

Nafasi ilikuja mvua zilipoisha. Nilifanya mwaka wangu wa mazoezi, na baadaye nikapata kazi ya mkataba katika hospitali moja huko Embu, wodi ya akina mama wanaojifungua. Mshahara wa kwanza ulipoingia nilirudi nyumbani na nyama, sukari na leso ya mama ya kujifunga. Baba hakuitazama nyama.

"Wamekata?" aliuliza.

"Wamekata, baba."

"Wamekuachia nini?"

Nikamwonyesha kwenye simu, mshahara wote, makato ya mkopo, na kilichobaki. Alivaa miwani, akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu tena.

"Hiki ndicho wanachochukua?" alisema. "Hiki tu? Kila mwezi hiki tu?"

"Hiki tu, mpaka deni liishe. Bado ni miaka kadhaa."

"Na hawaji hapa?"

"Hawaji, baba. Wanakata hukohuko kazini."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho, na mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Mimi pia nilicheka, na nilihisi mabega yangu yakishuka, kama mtu aliyetua mtungi.

Tulikula nyama na mukimo wa viazi na maharagwe. Baada ya chakula baba alijinyoosha kwenye kochi, mchana kweupe, jua likiwaka na kazi ikimngoja nje, akalala usingizi mzito. Mama alimfunika kwa ile leso mpya, akaniashiria niongee polepole.