Niliunda betri ya sola mwenyewe, mkwe wangu akiwa ng'ambo ya ukuta

Wakuu, salaam. Najua wengi humu ni umri wa wanangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea hata kabla hamjaandika.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe hapa Uyole, Mbeya. Mke wangu kakaa pembeni, kila nikimaliza mstari anataka nimsomee, kwa hiyo hata nikitamani kuongeza chumvi sina nafasi.

Shule niliishia la nne. Mkiona herufi imeruka, irukeni na nyie.

Zamani nilikuwa utingo wa lori la vitunguu, tunapakia Ruaha Mbuyuni. Vitunguu vya kule, acheni tu. Ukilala juu ya magunia unaamka umelia bila kufiwa na mtu.

Dereva wangu tulimwita Mteremko. Lori lake lilikuwa haliwaki bila kusukumwa, basi kila anakofika anatafuta mteremko wa kupaki. Hata siku anaenda kuposa, gari aliliacha juu kilimani, akashuka kwa wakwe kwa miguu, suti imejaa vumbi.

Tajiri akachoka, akanunua betri mpya dukani. Ikatufia katikati ya mlima Kitonga. Tukavutwa mpaka Ilula, na pale Mteremko akachukua ile ya zamani tuliyokuwa tumeitupa nyuma ya lori, akayeyusha lami ya juu, akang'oa sahani za risasi zilizokufa ndani, akaweka nyingine, akaziba, akaipeleka kuchajiwa.

Lori likawaka kwa ufunguo! Nilikuwa sijawahi kulisikia likiwaka kwa ufunguo.

Toka siku hiyo nikaamini betri ya dukani ni ya watu wasio na mikono. Nimezeeka na imani hiyo.

Sasa tuje kwenye sola.

Mwanangu yuko Mbeya mjini, alinunua betri ya lithium ya dukani. Kitu kizuri, sisemi uongo. Boksi limefungwa, limetundikwa ukutani kama picha ya harusi, lina na warranty. Akasema, "Baba, nikuletee na wewe." Nikamwambia alete panel na inverter tu, betri aniachie mimi.

Nikaenda Mwanjelwa kwa wauza vyuma chakavu, nikapata seli nne za lithium zilizotumika, zile bapa, kila moja kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Ukiziunga kwa kufuatana unapata volti kumi na mbili na ushee. Vya kuungia nikakata mfuniko wa sufuria vipande vipande, nikavikaza kwa nati. Nikapiga kasha la mbao.

Na kwa vile baridi la Uyole mwezi wa saba linazima hata simu mfukoni, nikachana godoro kuukuu nikazifunika seli zangu vizuri, zisipate kichomi.

Kasha likakaa chumba cha pembeni. Ng'ambo ya ukuta ndipo analala mkwe wangu.

Hapa nisimame kidogo. Mkwe ni mke wa huyo mwanangu, binti wa Kihehe kutoka Ilula. Alikuwa amejifungua, kaja kwetu mke wangu amtunze. Tena kasomea umeme chuo cha ufundi, kazi yake ni kufunga sola majumbani.

Mtasema, si umuulize? Siwezi. Sisi Wanyakyusa mkwe wa kike na baba mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani, hawapeani kitu mkononi. Mmoja akitaka kuingia, mwingine anatoka. Siku hizi wengi wameacha. Lakini huyu binti wa Kihehe, mke wangu alimfundisha, akashika kuliko wenyewe. Mimi nikipita koridoni nakohoa makusudi, nimpe nafasi ya kujibanza.

Basi naunga seli zangu, mke wangu keshamsimulia mkwe kila ninachofunga, nasikia ng'ambo anaongea na kichanga chake, sauti iko juu kidogo:

"Mwanangu, mwambie babu hiyo sufuria haifai, inatakiwa shaba."

Mtoto mwenyewe hata shingo haijakaza.

Nami nikapaza sauti: "Mjukuu wangu, mwambie mama yako sufuria hii imepika miaka yote, moto inaujua."

Akarudi tena: "Mwanangu, mwambie babu nati zikilegea zinachemka. Na kuna kadi ya kuilinda betri, inaitwa BMS. Na godoro alitoe, tunamwomba."

"Mwambie mama yako seli zinasikia baridi."

"Mwanangu, hebu lia kidogo, labda babu ataelewa."

Mke wangu jikoni alicheka mpaka akakaa chini. Lakini jioni hakucheka. "Baba Ambakisye," akaniambia, "yule binti anaogopa. Analala na mtoto mchanga, ukuta mmoja na hilo limdude lako. Angekuwa mtu mwingine angeshakwambia usoni."

Nikasema, "Jumapili mtaniheshimu."

Jumapili wakaja wazee wa kanisani kumwona mtoto. Umeme umekatika mtaa mzima, kwangu taa zinawaka. Nikawaingiza wazee chumbani waone kasha, nikachomeka jagi la umeme. "Leo mnachemshiwa chai na jua!"

Jagi likaanza kunguruma. Wakapiga makofi.

Halafu nikasikia harufu ya godoro.

Moshi mweusi ukatoka kwenye kasha. Nikagusa nati, ikaniunguza. Wazee wakakimbilia nje wanakohoa. Nikashika ndoo ya maji.

"Baba, maji hapana!"

Hapo hakumtuma mtoto. Aliniambia mimi.

Alikuwa mlangoni, kajitanda khanga mpaka usoni, mkononi ana koleo la kukatia waya. Mtoto kamwachia mke wangu uani. Moshi unaongezeka, naye kaganda kizingitini, haingii, kwa sababu mimi nimo ndani.

Nikaweka ndoo chini, nikatoka.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Alichomoa inverter, akakata waya, akalitupa godoro nje. Ukuta umebaki na doa, watu wote wazima. Baadaye akaiunda upya: shaba, fyuzi, ile kadi, na seli moja iliyovimba akaibadilisha. Taa zinawaka mpaka leo, na mtoto analala ukuta ule ule, mama yake hana wasiwasi.

Kwa hiyo wakuu, kununua au kuunda? Kama nyumbani kwako hakuna anayejua, nunua ya dukani, wala usione haya. Kama yupo, unda, maana ikiharibika unaifungua. Ile ya mwanangu ilipogoma aliambiwa asiifungue, airudishe dukani, akakaa anasubiri. Ila ukiunda msikilize anayejua, hata kama anaongea na mtoto. Na godoro lalia mwenyewe. Betri haiugui kichomi.

Mwenye uzoefu aweke hapa, na anayetaka kunicheka acheke. Maswali ya nyaya nitampa mjukuu, naye atampa mama yake, majibu yatachelewa kidogo.

Ila picha ya betri msiniombe. Siku ile nilipompisha mlangoni, yeye kageukia ukuta na mimi natazama miguu yangu, nilipitiliza moja kwa moja mpaka shamba la viazi. Betri sasa anaitunza yeye, chumba kile sijakiingia tena.