Jogoo Aliyeletwa na Malaika

Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa wanakwaya. Hapa Miyuji mimi ndiye mama wa imani. Mtu akinililia shida, namwambia, "Mwachie Mungu!" Sasa Jumamosi sikuwa na kitu cha kupeleka kanisani kwenye sikukuu ya mavuno, nikapiga magoti jikoni. Hata amina sijafika, jogoo mkubwa akaingia, mguuni amefungwa kipande cha kitenge cha njano. Mwenzenu nikajua malaika ndio wamefunga zawadi.

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa, jogoo kwapani, nikashuhudia mpaka sauti ikakauka. "Mtegemeeni Mungu! Analeta mpaka jikoni!" Vigelegele! Mzee wa kanisa akamwinua jogoo juu ili aanze mnada wa mavuno.

Vigelegele vikakatika. Watu waliutazama mguu wa jogoo, kisha wakamtazama mama mchungaji, aliyevaa gauni la kitenge kilekile.

Akatabasamu, akasema kwa upole, "Ahsante, Mama Neema. Alhamisi kwenye jumuiya ulituongoza kumwombea jogoo wangu aliyepotea. Ombi lako limejibiwa."