Mama Mkwe Alipoionja Asali ya Kalenga

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi Soweto, hapa Mbeya mjini, akiwa amepona tumbo lakini amepoteza hamu ya kula. Alikuwa amefanyiwa upasuaji na kidonda kikakauka vizuri. Daktari alimpima kila kitu, sukari ikiwemo, akasema hana ugonjwa tena. "Sasa ale tu," alituambia, kana kwamba kula ni jambo la kuamrishwa.

Nilimpikia wali wa Mbarali, mchele ule ule aliouzoea. Familia yao ni Wasukuma waliohamia huko Mbarali, tambarare za Usangu, na ng'ombe wao mume wangu akiwa mdogo. Kwao ni ndani huko, unashukia Chimala. Alikula vijiko vichache, akasogeza sahani. "Nimeshiba, mwanangu." Nikapika ndizi, nikapika supu, nikapika mtori. Jibu lilikuwa hilo hilo. Mume wangu akirudi kazini alifunua sufuria kabla hajasalimia mtu, aone mama yake amebakiza kiasi gani.

Wakati huo baba yangu alitutumia ndoo ya asali kwa basi kutoka Kalenga, kule Iringa. Baba anafuga nyuki kwenye msitu wa miombo juu ya shamba lake, na kila akirina hutukumbuka. Ilikuwa ile baridi ya Mbeya ya kuvaa soksi ndani ya nyumba. Nilipofungua mfuniko nikakuta asali imeganda, ngumu kama samli. Nikachota kidogo nikampelekea mama. Aliitazama, hakuionja.

"Hii imetiwa sukari."

"Hapana mama, imetoka kwa baba."

"Asali haigandi. Hao nyuki baba yako amewatoa wapi, kiwandani?"

Iliniuma. Nikatoka uani nikampigia baba, na yeye badala ya kukasirika akacheka mpaka akakohoa.

"Ni baridi hiyo, mwanangu. Asali nzuri inaganda. Itie kwenye chupa, uisimamishe kwenye maji ya uvuguvugu, uiache, itarudi yenyewe. Na usije ukaichemsha! Harufu yote inaondoka na mvuke, mnabaki na utamu tu."

Nilijaza chupa ya kioo, nikaisimamisha kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, nikaendelea na kazi zangu. Polepole ule ugumu ukalegea, asali ikawa nyeusi inayong'aa kama chai ya rangi iliyokolea. Nilipofungua kifuniko jiko lilijaa harufu ya maua na moshi kidogo.

"Unapika nini?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Sipiki kitu, mama."

Nikasikia kandambili zake. Tangu afike hakuwahi kuja jikoni kwangu. Alisimama mlangoni, kitenge kikimpwaya, akanyoosha mkono akachovya kidole kwenye chupa. Akalamba. Akafumba macho muda mrefu mpaka nikaogopa.

"Baba yangu alikuwa anarina," alisema. Akanieleza jinsi walivyokuwa watoto kule kaskazini, kabla hawajahama, wakimsubiri baba yao atoke porini na masega kwenye kibuyu. Walitafuna nta mpaka mataya yakauma, na mama yao akiwafokea kwa sababu ilinata kwenye nguo. Kisha akaniuliza, "Una maziwa mgando?"

Sikuwa nayo. Nilikimbia hadi duka la maziwa nikiwa na khanga ya jikoni. Mama akamimina mgando kwenye bakuli, akatiririsha asali juu, nami nikataka kumsaidia kukoroga.

"Acha. Ukikoroga unaipoteza. Kila kijiko kikutane nayo yenyewe."

Alikula bakuli lote. Mimi nilisimama nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Baada ya hapo jiko likawa letu sote. Uji wa ulezi tuliuacha upoe kwanza mpaka mtu anaweza kushika kikombe bila kuungua, ndipo tunatia asali. Kwenye maandazi nilipunguza maji ya kukandia na nikashusha moto, kwa sababu yenye asali hubadilika rangi upesi kabla ndani hakujaiva. Kuku wa kwanza nilimharibu: nilimpaka asali tangu mwanzo, akawa mkaa nje na damu ndani. Mama alicheka, na kicheko chake kikamkumbusha kidonda. Wa pili tulimchoma kwa limao, tangawizi na kitunguu saumu, asali tukampaka alipokaribia kuiva, akatoka na ngozi inayolia mdomoni. Nilipomletea parachichi lenye asali na limao alinishangaa. "Hili tayari lina mafuta yake, asali ya nini tena?" Alilimaliza, akauliza kama lipo jingine.

Kitenge kilipoanza kumkaa vizuri, aliomba apelekwe Kalenga. "Nimemsema vibaya mtu ambaye nimekula jasho lake," alisema. Tulifika jioni tukiwa tumechoka, basi mazungumzo yenyewe yakasubiri asubuhi. Niliwasikia uani wakisalimiana, baba kwa Kihehe, "Kamwene," na mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kila mmoja akiitikia alivyoweza. Halafu wakaingia kwenye Kiswahili, mama akaomba radhi, baba akacheka, wakahamia habari za nyuki.

"Kwenu huko kuna maua?" baba aliuliza.

"Kuna migunga, mkwe. Ikichanua unasikia nyuki kabla hujaiona."

"Basi uweke mzinga mbali na zizi, nyuki na ng'ombe hawaelewani."

Akampa mzinga wa gogo aliouchonga mwenyewe na kuupaka nta ndani. Tukausafirisha kwenye buti la basi, na mama akashuka nao Chimala akiwa amesimama wima. Nilibaki na wasiwasi kwamba akiwa peke yake ataacha tena kula. Mvua za kwanza zilipoanza alinipigia simu akipiga kelele kama yuko sokoni: "Wameingia! Mwanangu, nyuki wameingia!"

Mwaka huu tulikwenda kwake alipokwisha kurina. Asali ya migunga ni nyepesi, rangi ya majani makavu. Alituchomea viazi vitamu kwenye majivu, akavipasua, akaweka samli, kisha asali yake. Watoto wetu walilamba vidole mpaka viganja. Chupa moja alimpelekea baba, ambaye alituma ujumbe kwamba ni nzuri na aongeze mizinga. Mama alikuwa ameshachagua miti mingine miwili ya kutundikia mizinga, akatutembeza kuionyesha, yeye akiwa mbele na sisi tukimfuata nyuma.