Soya ya Nguruwe, Kahawa ya Jirani

Mpaka leo nikisikia harufu ya soya ikikaangwa, hasira zinanipanda. Najikasirikia mwenyewe, maana wa kumlaumu nimemtafuta Makambako nzima nikamkosa.

Mama yangu, huko Mawengi, alibaki na banda tupu baada ya homa ya nguruwe kupita kijijini. Mama yule hajui kuamka asubuhi bila mnyama wa kumpelekea chakula. Kwa hiyo nguruwe wangu hapa Lyamkena, Makambako, alipozaa, nilimpigia simu: yule jike mwenye baka mgongoni ni wako, akishaachishwa kunyonya na kuzoea kula, njoo umchukue. Alifurahi mno. Akanitumia kwa basi gunia la soya ya shambani kwake.

"Kaanga mpaka ibadilike rangi," akaniambia. "Mbichi inazuia tumbo kusaga chakula. Mtoto aliyetoka juzi kwenye ziwa haiwezi."

Nikakaanga. Kumbe nimejitangaza! Huku kwetu soya ikikaangwa, watu wanajua ni kahawa ya soya. Harufu ikishavuka ua, jirani hasubiri kualikwa, na ukimwacha aondoke mdomo mkavu utaitwa mchoyo mpaka kwenye jumuiya.

Siku ya kwanza alikuja jirani wa upande wa barabarani. "Kamwene! Naona leo kuna mambo." Nikatwanga, nikamchemshia. Siku ya pili akaja na wifi yake. Wiki ya pili nilikuwa na watu watano jikoni, wanapuliza vikombe, huku watoto wa nguruwe wanapiga kelele bandani kwa njaa. Nilijaribu mara moja kusema kwamba soya ile ni chakula cha nguruwe. Jirani akaangua kicheko.

"Nguruwe wako wanakaangiwa kama wakwe? Basi na sisi wakwe wenzao tumiminie!"

Wote wakacheka. Na mimi mjinga nikacheka nao, nikamimina.

Gunia lilipofika nusu, uvumilivu ukanishinda. Nikabeba debe la soya mbichi mpaka mashineni, nikasaga hivyo hivyo, nikachanganya na pumba. Hakuna harufu, hakuna mgeni. Nilijiona mjanja kweli!

Hazikupita siku nyingi, watoto wa nguruwe wakaanza kuharisha. Manyoya yakasimama, mbavu zikahesabika, masikio yakawa makubwa kuliko miili. Nikamwita bwana mifugo. Akachota ule unga, akaunusa, akaniuliza, "Soya hii umeikaanga?" Nikamjibu ndiyo. Mtu mzima na akili zangu! Akaniachia dawa, lakini dawa ingefanya nini wakati kila asubuhi nilikuwa nawamiminia kile kile? Wawili wakafa. Yule wa baka hakufa, ila alidumaa, akawa anajikongoja ukutani.

Siku tuliyopatana mama alifika, mkononi ana kamba mpya ya katani. Hakunywa hata maji, akaenda moja kwa moja bandani. Akamwinamia yule wa baka.

"Ndiye huyu wangu?"

"Ndiye, mama."

"Mbona tangu nifike sijasikia harufu ya soya?"

Nikamweleza yote: kahawa, majirani, mashine, na uongo niliomwambia bwana mifugo. Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza. Aliikunja ile kamba taratibu, akairudisha kwenye mkoba.

"Huyu nikimpandisha basi, hafiki Mawengi," akasema. "Nitarudi hivi hivi."

Halafu akaingia jikoni, akawasha moto, akamwaga soya kwenye sufuria. Nikakaa pembeni. Harufu ikapanda, ikatoka mlangoni, ikavuka ua. Haikuchukua muda, hodi ikapigwa. Alikuwa jirani yule yule.

"Kamwene! Leo tena mmetukumbuka?"

Nikanyanyuka haraka kufuata vikombe, kama kawaida yangu. Mama hakugeuka hata shingo.

"Karibu mwanangu, kaa," akamwambia. "Ila hii ya leo ni ya nguruwe. Wanaumwa, wanatakiwa kula."

Nikasubiri kicheko.

"Eeh, pole mama," jirani akasema. Akavuta kigoda, akapokea mwiko, akaanza kugeuza soya isiungue. Mimi nimesimama pale na vikombe mkononi.