Tambi za Kumnyonga Padre

Juzi mkahawani, mtaa wa St. Clair, nilisoma neno "strozzapreti" kwenye orodha ya vyakula nikacheka peke yangu, mpaka mhudumu akaja kuuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa. Nilikuwa tu na miaka minane tena, jikoni kwetu huku ughaibuni, mtaa wa Mount Dennis, ghorofa ya sita.

Unga ulikuwa kila mahali. Jirani yetu, ajuza Mwitaliano aliyefiwa na mumewe, alikuwa akimfundisha mama kusokota vipande vya unga uliokandwa katikati ya viganja, kama mtu anayesokota kamba. Jina la tambi hizo, strozzapreti, alitueleza, kwa Kiitaliano maana yake ni wanyonga mapadre. Kwao, zamani, padre alikula bure nyumba hadi nyumba, na wanawake walisokota huku wakiomba kimoyomoyo kipande kimoja kimkwame. Wengine, alisema, humlaumu padre mwenyewe: mlafi, alimeza bila kutafuna.

Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa kiwiko. "Wetu si padre, ni mchungaji. Lakini koo ni lile lile."

Unajua, mchungaji wetu alikuja kila Jumapili baada ya ibada, bila kualikwa, na alikula. Alipewa firigisi, akapewa paja, na sasa akapewa tambi hizo.

"Dada, hiki chakula kinaitwaje?"

"Chakula cha watumishi wa Mungu," mama alijibu bila kupepesa macho.

"Basi niongezee."

Mimi nililiamini jina. Kila Jumapili nilisimama kando ya kiti chake na glasi ya maji, nikilifuatilia kila tonge mpaka lishuke. Alidhani ni adabu, akatabiri nitaolewa na mchungaji. Niliolewa na daktari wa meno, na hata huyo hakudumu.

Mwishowe nilishindwa kuvumilia. "Mama, acha kumpikia. Atakufa."

Mama aliacha kusugua sufuria. "Nikiacha, atakula wapi? Mkewe na watoto bado wako Kisumu wanangoja viza. Wiki nzima anakula mkate kiwandani. Unafikiri nasokota nyingi hivyo kwa ajili ya nani?"

Mwaka uliofuata familia yake ilifika, naye akaacha kuja. Mama alifurahi, alisema hivyo mara nyingi, lakini kwa Jumapili kadhaa aliendelea kupika kwa sufuria kubwa. Jirani alihamia kwa mwanawe. Jengo lile sasa lina kamera mlangoni. Nami nina meza ya watu wanane, na hakuna anayekuja bila kupiga simu kwanza. Wakipiga, mara nyingi nasema nina kazi.