Bibi wa Chini na Maneno Yake Marefu

Juzi nilipitiliza kituo. Wewe unanijua, nikikaa dirishani kwenye basi naanza kuota mchana kweupe, na nilipozinduka tulikuwa tumeshaingia Phillips, kusini mwa Minneapolis. Nikashuka. Nikasema ngoja nipite mtaa wetu wa zamani, nione kama ile nyumba ya mbao ya ghorofa bado ipo. Haipo. Kuna uzio wa waya na magari matatu yameegeshwa, na ule mti wa pembeni umebaki kisiki. Nilisimama pale kwenye baridi nikicheka peke yangu, maana pale lilipokuwa dirisha la jiko la chini niliona, kwa macho yale mengine, moshi ukitoka na bibi mmoja akiupepea kwa taulo.

Ngoja nikusimulie.

Miaka ile ya tisini mimi na mama tulipanga juu. Mama alikuja kusoma, halafu akapata kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, shifti ya jioni. Baba alibaki Tanzania akisubiri viza. Mimi nilikuwa na miaka minane hivi, na kigugumizi. Kule nyumbani kilikuwa kidogo, cha kuchekwa na shangazi tu. Lakini nilipofika Minneapolis, na kile Kiingereza cha haraka, na yale makoti mazito, kikanikaba kabisa. Neno lilikuwa linafika mlangoni, linachungulia, linagoma kutoka.

Watu walinipenda, hilo usilitilie shaka. Ndiyo maana walinimalizia maneno. Mwalimu alinimalizia, mama alinimalizia, hata dereva wa basi la shule alinimalizia. Jirani wa mlango wa pili, Mkenya aliyefanya kazi pamoja na mama, ndiye pekee aliyenitania wazi. "Wacheni huyu," alikuwa akisema, "ako tu kama gari yangu hii winter, lazima i-warm kwanza!" Wote wanacheka, na mimi nacheka, na lile neno nililotaka kusema linarudi tumboni.

Shida yenyewe ilikuwa Jumamosi. Jumamosi asubuhi, ambayo kule tayari ni jioni, mama alikwangua kadi ya simu akampigia baba, ambaye alikuwa ameshafika ofisi ya usharika, kule kanisani, kuisubiri simu. Wakishaongea wao, napewa mimi. Sasa mtoto wa Kitanzania hamwambii baba yake jambo lolote kabla hajamwamkia, na ile shikamoo ndiyo ilikuwa ukuta wangu. "Sh... sh... sh..." Baba anaita, "Haloo? Mama? Upo?" Hivyo ndivyo alivyoniita, mama, kwa sababu nina jina la mama yake. Yule mwanamke wa kwenye kadi, sauti iliyorekodiwa, anaingilia kutangaza kwamba imebaki dakika moja. Mama anashindwa kuvumilia, anauchukua mkonga wa simu kwa upole, anasema, "Anakuamkia. Anaona haya tu."

Jumamosi moja nilikuwa nimeegemea ubavuni mwa mama, nikaisikia sauti ya baba ikitoka nyembamba kwenye mkonga: "Mke wangu, niambie ukweli. Mtoto amenisahau?"

Sikulia. Nilishuka chini kwa bibi.

Bibi wa chini hakuwa ndugu yetu. Alikuwa Mzungu wa huku huku, mzaliwa wa shamba moja kaskazini mwa Minnesota, ila wazazi wake walitoka Norwei, na Kinorwei ndicho alichonyonya. Tulimwita bibi kwa sababu hatukujua namna nyingine ya kumwita mtu wa umri ule. Mwanzoni alishtuka. Baadaye akawa anaitika, tena kwa madaha. Mama akienda kazini, mimi nilikaa jikoni kwake mpaka aliporudi. Pale palinukia viazi, kahawa na sabuni ya vyombo, na redio ndogo ilinong'ona habari za theluji ambazo hakuna aliyezisikiliza.

Majira ya baridi yakikaribia, bibi alipika lefse. Usihangaike na jina. Ni chapati ya viazi: viazi vinachemshwa, vinapondwa mpaka vinakuwa laini kama uji mzito, vinatiwa siagi na krimu, vinaachwa vipoe, ndipo vinakandwa na unga wa ngano. Inasukumwa nyembamba mpaka unaweza kuona kitambaa kilicho chini yake. Halafu inaokwa kwenye kikaango bapa cha umeme, bila tone la mafuta. Mama alipoiona mara ya kwanza alinong'ona, "Masikini, chapati yatima." Lakini ilipopakwa siagi na sukari ikakunjwa, akala nne.

Kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na kikaango na kumwambia bibi ikiiva, ili aje aigeuze kwa ule ubao wake mrefu mwembamba. Siku ya kwanza iliiva. Nikafungua mdomo. "I... i... i..." Bibi alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu, anaiona. Ikaanza kuwa kahawia. Akafuta mikono kwenye aproni, akanitazama usoni, akasubiri. Ikawa nyeusi. Moshi ukapanda, king'ora cha darini kikaanza kulia, na yeye amesimama vilevile kama mtu anayesubiri basi na hana haraka nalo. "I-i-inaungua!" nikapasuka.

"Asante kwa kunijulisha," akasema, ndipo akachukua taulo na kufungua dirisha.

Rafiki yangu, hakuna mtu aliyewahi kuniunguzia chakula kwa heshima kiasi kile.

Maneno yake marefu yalianza hapohapo, kwenye unga. Kwa Kiingereza niliona aibu, kwa Kiswahili niliona aibu zaidi, lakini Kinorwei hakuna aliyetarajia nikijue, kwa hiyo hapakuwa na wa kunicheka. Bibi alinionyesha friji, akasema: kjøleskap. Kjøle ni kupoza, skap ni kabati. Mjukuu ni barnebarn, mtoto wa mtoto, na ile e ya katikati, akasema, ni gundi tu, inabaki na neno la kwanza. Kipepeo ni sommerfugl: sommer ni kiangazi, fugl ni ndege. Ndege wa kiangazi! Nje theluji imefika magotini, na mimi nimekaa na ndege wa kiangazi mdomoni.

Nikamwambia, kwa kujivutavuta, kwamba kwetu neno kubwa ndilo linalotangulia: kwenye tabibu wa meno, tabibu kwanza, halafu wa meno. Bibi akafikiri. Akasema kwao mkubwa anakuja mwisho, kama mama anayetembea na watoto kwenye theluji: wao wanatangulia, yeye anafunga msafara ili asipotee mtu. "Neno likiwa refu," alisema, "si kwamba ni gumu. Lina watu wengi ndani. Tafuta tu wamepeana mikono wapi."

Na hivi ndivyo alivyonifundisha kutafuta. Alinipa mti wa kusukumia na donge dogo. Silabi moja, msukumo mmoja: som, mer. Maneno yanapopeana mikono, unainua mti, unanyunyiza unga, unageuza donge robo, unavuta pumzi. Ndipo: fugl. Hilo la mwisho lilinisumbua, maana ulimi wangu haukujua neno linaloishia hewani bila vokali, nikawa nasema fugli. "Umemwongezea mkia," bibi akacheka mpaka miwani ikaingia unga. Lakini hakunisahihisha mara mbili.

Tulitengeneza na ya kwetu. Kwao, alisema, ukikosa neno unachukua maneno uliyo nayo unayaunga, hakuna wa kukukataza. Siku ile ya kuoka ikawa potetlefsebakedag: siku ya kuoka chapati za viazi. Po, tet, unga. Lef, se, unga. Ba, ke, unga. Dag. Nilipolimaliza bila kukwama hata mara moja, tulitazamana na bibi kama wezi waliofanikiwa.

Ikafika Jumamosi moja karibu na Krismasi. Mama alimkaribisha bibi juu ili naye aone chapati inayojua mafuta ni nini. Jirani Mkenya akaja pia, harufu ilikuwa imemwamsha. Mama anasukuma, bibi anasifia, mara mama akatazama saa, akafuta mikono, akakwangua kadi, akapiga. Waliongea habari za viza: bado. Habari za bibi mzaa baba: anaendelea. Halafu mama akanitazama, nikaona anataka kuniruka ili nisiumie.

Nikanyoosha mkono.

"Haloo? Mama? Upo?"

"Sh... sh..."

Nikamsikia baba anapumua. Nikamwona mama anasogea, mkono wake unaujia mkonga kama kawaida. Bibi, ambaye hakujua neno hata moja la Kiswahili, akanyanyuka, akachukua donge la chapati mezani, akamwekea mama kiganjani. Mama akabaki amelishika. Mikono yote miwili ina unga, utashika simu na nini? Kisha bibi akarudi kwenye kibao, akachukua mti wa kusukumia, na bila kunitazama akaanza kusukuma donge jingine, polepole. Msukumo. Msukumo. Akainua mti, akanyunyiza unga, akageuza.

Nikaacha kutazama simu, nikatazama mikono yake.

"Shi-ka," nikasema. Pumzi. "Moo. Baba."

Nilidhani kadi imekwisha. Halafu baba akasema, "Marahaba. Marahaba, mama. Marahaba," kama mtu anayeitikia shikamoo zote nilizomnyima.

"Gari imewaka!" jirani akapiga kelele, mama akamtupia lile donge.

Nikaongea sasa! Nilikwama, nikasubiri, nikaendelea, na hakuna aliyenimalizia. Nilimwambia baba sijamsahau. Nilimwambia kuhusu chapati yatima, nikamwambia kipepeo kumbe ni ndege wa kiangazi, akasema kweli kabisa, hakuwahi kufikiria. Nikamwambia kuna neno nimelitengeneza mwenyewe, sikiliza: po, tet, lef, se... na kadi ikaisha.

Jumamosi iliyofuata baba hakumsalimia hata mama. "Nipe mwanangu," alisema. Nikamwamkia, kwa kusukuma kidogo, akaitikia haraka haraka, akauliza, "Haya, lile neno liliishia wapi?"

Baba alikuja baadaye, viza ilipotoka. Bibi alimpikia lefse, wakakaa mezani wakichekeana bila kuelewana sana. Miaka michache mbele bibi alihamia kwenye ile nyumba ya wazee mama alikofanya kazi, na mama ndiye aliyemchana nywele mpaka mwisho. Watoto wake ni watu wema. Siku ya maziko waliniuliza maana ya neno hili na lile la Kinorwei, kwa kuwa wao walibakiwa na majina ya vyakula na sala ya kabla ya kula. Nikawaambia ninayoyajua, ambayo si mengi, na hata kuyaandika hapa imebidi nimuulize mtu. Zile kadi za kukwangua hazipo tena, nyumba umeshasikia, na sijui kama kuna jiko jingine pale Phillips ambamo mtu anasema kabati la kupoza kwa lugha ile. Nimepata mengi kuliko niliyopoteza, nadhani. Kigugumizi chenyewe bado kinanitembelea nikichoka. Namkaribisha kama mgeni, tunakaa, anaondoka.

Mwaka jana, tukiwa tunakunywa chai, baba ndiye aliyenisimulia upande wake. Alisema kadi ilipoisha siku ile ya shikamoo, alibaki amekaa pale ofisini na mkonga sikioni. Katibu wa usharika alikuwa ameshafunga madirisha, funguo mkononi, anataka kwenda kwake.

"Mzee, hiyo simu imekatika."

"Najua," baba akamjibu, na hakuuweka mkonga chini.