Magitaa ya Shangazi Aikande

Wiki iliyopita, nikipita Majengo, nilisikia magitaa mawili yakifukuzana kutoka kwenye kibanda cha fundi simu, nikasimama. Ulikuwa mmoja kati ya nyimbo za mwanzo za bendi ya Wazungu ambayo shangazi yangu Aikande aliipenda mno.

Nilipokuwa mtoto, alirudi kwetu Kirua Vunjo kutoka Dar, amekonda. Alasiri moja mvua ilikuwa imekatika, na uani kulinuka maganda ya kahawa yanayochacha. Akaweka kanda kwenye redio.

"Njoo tucheze, mama," akaniambia.

Sikuelewa neno hata moja la wimbo ule. Lakini magitaa yale yalikuwa makali, yanakatakata, yakanishika miguu kabla sijajua naanzaje. Tulicheza pekupeku kwenye tope.

Bibi akatoka jikoni. "Aikande, daktari amesema upumzike!"

"Nitapumzika, mama. Acha huu uishe kwanza."

Kwetu redio ilikuwa ya tenzi za kanisani na taarifa ya habari, nikajua bibi ataizima. Badala yake alijifuta macho kwa kanga, nami nikadhani ni moshi wa kuni. Kisha akamshika bintiye mikono, akacheza naye polepole, bila kufuata mdundo. Nikapiga makofi, maana niliamini shangazi amepona.

Tulimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba, kabla masika hayajaisha.

Wao wawili walijua. Mimi peke yangu ndiye niliyecheza nikiamini kwamba kesho tutacheza tena, na sasa nadhani ndiyo maana aliniita mimi.